Majani ya Buluu ya Hardwick

Ukishika barabara kuu ya M1 kutoka Sheffield kwenda kusini, ukishaingia Derbyshire angalia juu, mkono wa kushoto. Kilimani yamekaa majumba mawili. Moja ni gofu: kuta ndefu zimesimama bila paa na mbingu inaonekana kupitia matundu ya madirisha. La pili ni zima, lina minara sita na vioo vingi mno, hata jua la jioni likilipiga utadhani kila chumba kimewashwa taa. Hili la pili ndilo Hardwick Hall. Wifi yangu amepita chini yake miaka yote aliyokaa Sheffield, na hakuwahi kupanda mpaka nilipokwenda kumtembelea nikamng'ang'ania.

Nilikuwa na sababu yangu. Nimekulia Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye nyumba za chokaa ambazo kila masika huacha lipu sakafuni, na tangu utotoni najua inavyochosha kuiweka nyumba ya kale ibaki nyumba. Niliposikia kwamba mwaka 2023 Hardwick walimaliza kazi ya miaka 24 ya kuhifadhi seti moja tu ya mapambo ya ukutani, nikataka kuona kwa macho yangu kazi ya namna hiyo inafananaje. Miaka 24 ni umri wa mtu kuzaliwa, kusoma na kuolewa.

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa Elizabeth, Countess wa Shrewsbury, ambaye Waingereza mpaka leo wanamwita Bess wa Hardwick. Alizaliwa papo hapo kilimani, katika familia ya wenye shamba wasio na fedha nyingi. Aliolewa mara nne, akafiwa na waume wote wanne, na kwa ndoa hizo akapanda mpaka akawa miongoni mwa wanawake matajiri kuliko wote Uingereza. Mume wa mwisho alifariki mwaka 1590, na mwaka huohuo ujenzi wa jumba hili ukaanza. Alihamia mwaka 1597, mtu mzima wa miaka takriban sabini, akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 1608. Mchoro wa jumba unahusishwa na Robert Smythson, fundi mkubwa wa zama zile. Juu ya minara yote sita Bess aliamuru zichongwe herufi za jina lake, E na S, kubwa za kusomeka kutoka bondeni. Vioo navyo vilikuwa tangazo. Wakati ule kioo kilikuwa ghali sana, na mwenye madirisha ya ukubwa ule hakuhitaji kumweleza mgeni kwamba ana mali.

Basi wifi yangu alishangaa tulipoingia.

"Mbona kiza, wifi? Nyumba yote hii ya vioo!"

Kweli kilikuwa kiza. Mapazia ya kukunja yameteremshwa karibu mpaka chini, na macho yalichukua muda kuzoea. Mama mmoja mtu mzima, mmoja wa watu wanaojitolea kukaa vyumbani na kuongea na wageni, alimsikia, na ingawa hakuelewa maneno alielewa uso. Nadhani swali hilo huulizwa kila siku. Akatueleza taratibu, nami nilimsikiliza kwa makini kwa sababu hapo ndipo penye moyo wa jambo lote.

Mwanga hula rangi. Hula na uzi wenyewe, hasa hariri, ukaudhoofisha mpaka ukatike bila kuvutwa. Nguo iliyopauka haipumziki ikapona ukifunga dirisha. Kila saa ya mwanga inaongezwa juu ya saa zote zilizotangulia, tangu siku ile ilipotundikwa. Kwa hiyo National Trust, shirika linaloimiliki nyumba hii tangu 1959, huuhesabia mwanga kama watu wanavyohesabia fedha. Kwa vitu dhaifu kama nguo, kipimo ni luksi 50, mwanga hafifu tu wa kukuwezesha kuona picha, na jumla ya mwaka isizidi saa-luksi 150,000. Ukigawa, unapata saa 3,000. Dirisha lililo wazi mchana wa kiangazi linaweza kumwaga maelfu ya luksi ndani ya chumba, na bajeti ya mwaka mzima ikaisha kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana vioo vimewekewa utando wa kuzuia miale ya urujuanimno, mapazia yanashushwa na kupandishwa kwa kufuata jua, na vyumbani huwekwa vipande vidogo vya sufu ya buluu ambayo kupauka kwake kunajulikana, ili mwisho wa mwaka vipimwe vionyeshe mwanga kiasi gani umepita.

Bess alijenga nyumba ya mwanga, kisha akaijaza vitu vinavyoliwa na mwanga. Hakukosea. Kwa maisha yake yeye vilitosha. Tatizo ni letu tuliokuja zaidi ya miaka 400 baadaye, na tunaotaka wajukuu nao waone.

Miongoni mwa vitu hivyo kuna mapambo ambayo yalinishika zaidi kwa historia yake kuliko kwa uzuri wake. Ni vitambaa vikubwa vya ukutani vyenye sura za wanawake mashuhuri wa kale, Penelope, Lucretia, Zenobia na Artemisia, vilivyoshonwa katika miaka ya 1570 kwa vipande vya mahameli, hariri na nguo yenye nyuzi za dhahabu. Vipande hivyo vilikatwa kutoka majoho ya mapadri. Mfalme Henry wa Nane alipovunja nyumba za watawa, mali ya kanisa ilitawanyika, na William Cavendish, mume wa pili wa Bess, alikuwa mmoja wa maofisa walioshughulikia mgawo huo. Joho la ibada likawa gauni la Penelope. Ukivitazama kwa karibu unaona maua ya mfumo wa zamani yamekatwa katikati na mshono mpya. Mhifadhi anayevigusa anashika vitu viwili kwa mkono mmoja, na hawezi kukitunza kimoja kwa kukifuta kingine.

Ngazi ya kwenda juu ni ya mawe, pana, na inapinda ndani ya nyumba bila haraka. Ghorofa ya chini ilikuwa ya watumishi na kazi, ya kati ya familia, ya juu ya heshima kwa wageni wakubwa. Kadiri unavyopanda, dari zinapanda nawe na madirisha yanarefuka. Mwisho unafika kwenye Ukumbi Mkuu wa Juu. Hapo mimi na wifi yangu tulinyamaza wote wawili.

Nusu ya chini ya kuta imevikwa tapestri, yaani vitambaa vizito vilivyofumwa picha, kutoka Brussels, zinazosimulia safari za Ulysses. Bess alizinunua mwaka 1587, kabla jumba halijaanza, na chumba kikapimwa kwa urefu wake. Nafasi iliyobaki hadi darini ikajazwa ukanda wa lipu uliofinyangwa na kupakwa rangi kuzunguka chumba chote: msitu. Miti imesimama minene kwa myembamba, mbele ya miti kuna wawindaji, kulungu, nguruwe mwitu, na hata tembo, wakati mungu wa kike Diana amekaa katikati ya wasichana wake. Diana hakuwekwa pale bila sababu. Alikuwa mwindaji asiyeolewa, na Malkia Elizabeth wa Kwanza naye hakuolewa. Bess alikuwa akiandaa chumba cha kumpokea malkia, na malkia hakufika kamwe.

Fundi wa lipu anayetajwa ni Abraham Smith, aliyemtumikia Bess miaka mingi. Ukimtazama tembo wake unajua kabisa kwamba hakuwahi kumwona tembo. Lakini miti yake! Unaona gome, unaona pale tawi linapoachana na shina. Nimeona lipu nyingi maishani, zidaka za Unguja na Lamu zilizochongwa kwa ustadi mkubwa, ila lipu iliyotaka kuwa msitu ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Rangi zake zimepauka sana. Kijani ni cha kubahatisha, nguo za wawindaji zimebaki kivuli cha wekundu. Hapa mtu angetarajia mafundi wapande jukwaani na ndoo za rangi. Hawafanyi hivyo. Lipu iliyopakwa rangi kwa mtindo ule inashikilia rangi juu juu, na ukiigusa kwa kitambaa chenye maji utaondoka na kile kidogo kilichobaki. Vumbi huondolewa kwa brashi laini za manyoya, mwenye brashi akisukuma taratibu kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza uliofunikwa wavu, ili kipande chochote kitakachobanduka kinaswe kisipotee. Kazi hiyo hufanywa miezi ya baridi, wageni wanapokuwa wachache. Tena hawapigi vumbi kila mara, kwa sababu kila mguso, hata wa brashi, ni mkwaruzo.

Adui mwingine wa lipu na nguo ni unyevu unaopanda na kushuka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ukungu unaota na nondo wanastawi. Ikikauka sana, mbao zinasinyaa, nyuzi zinavunjika, rangi inabanduka. Kwa hiyo nyumba za namna hii hazipashwi joto ili watu waote. Kipimajoto hakina neno la mwisho, mwenye neno ni kipimaunyevu. Mashine huwaka unyevu unapozidi na kuzimika unaposhuka, wakilenga ubaki takriban kati ya asilimia 50 na 65. Ndiyo sababu wifi yangu alibaki na koti lake mwilini muda wote, na ndiyo sababu wale wanaojitolea huvaa sweta mbili na hawalalamiki.

Kutoka hapo unaingia Roshani Ndefu, chumba cha urefu wa mita karibu 50 kinachoshika upande mzima wa mashariki wa jumba. Huku ndiko nilikokuwa nakuja.

Ukutani, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kuna tapestri 13 za kisa cha Gideoni. Wasomaji wa Biblia wanakijua kutoka kitabu cha Waamuzi: Gideoni aliyebakiwa na watu 300, mitungi, mienge na tarumbeta, akawashinda Wamidiani usiku. Kila moja ina kimo cha mita sita hivi, na zikipangwa pamoja zinapita mita 70. Zilifumwa Flanders mwaka 1578 kwa ajili ya Sir Christopher Hatton, mmoja wa wakubwa wa baraza la malkia, ambaye alikufa mwaka 1591 akiwa na madeni makubwa. Mwaka uliofuata Bess akazinunua kutoka kwa mrithi wa Hatton kwa pauni 326, shilingi 15 na peni 9, kisha akadai apunguziwe pauni 5 kwa sababu zilikuwa na nembo za Hatton na yeye angelazimika kuzibadilisha. Akapunguziwa. Nembo za Hatton zikafunikwa kwa viraka vilivyochorwa nembo zake, na paa jike wa Hatton wakaongezewa pembe ili wawe kulungu dume wa ukoo wa Cavendish.

Mwanamke tajiri kuliko wote baada ya malkia, anadai pauni tano! Nilimpenda Bess tangu hapo.

Viraka vile ni sehemu ya kazi ya sanaa, na wahifadhi wamevitunza hivyo. Kama mtu angesema turudishe tapestri zilivyotoka kwa mfumaji, angetupa ushahidi wa siku ile mwanamke huyu alipozifanya zake.

Kwa karne nne zilining'inia zikibeba uzito wao wenyewe. Masizi ya mishumaa na ya meko yalitua juu yake, na katika nyakati za karibu moshi wa nchi hii iliyokuwa ya machimbo ya makaa ya mawe. Picha za watu zilitundikwa juu yake kwa misumari na kamba. Mwaka 1999 ikaanza kazi ya kuzishusha na kuzitengeneza moja baada ya nyingine. Kila moja ilifyonzwa vumbi, ikaviringishwa, ikapelekwa Ubelgiji, mji wa Mechelen, kwenye karakana ya De Wit. Kule hulazwa juu ya meza yenye matundu, chumba kikafungwa, ukungu wa maji yenye sabuni laini ukanyunyizwa kutoka juu huku hewa ikivutwa kutoka chini. Maji hupita kwenye nguo bila kuitikisa, yakaondoka na masizi, kisha nguo ikakaushwa papo hapo kabla rangi haijapata nafasi ya kuchuruzika.

Ikirudi Uingereza, ilipelekwa Norfolk, kwenye karakana ya nguo ya National Trust iliyoko Blickling, na hapo ndipo ilipoketi zaidi ya miaka miwili. Tapestri ina mtande wa sufu ambao hauonekani, na mshindio wa sufu na hariri za rangi unaoufunika na kuchora picha. Hariri hufa kwanza. Baada yake hufa nyuzi za kahawia na nyeusi, kwa sababu rangi hizo zilikolezwa kwa chumvi ya chuma, na chuma hicho kimekuwa kikiula uzi polepole tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo michoro ya pembeni, nyusi za askari na vivuli vya mikunjo ya nguo huanguka, na mtande ukabaki mtupu kama mbavu. Wahifadhi huitandaza nguo juu ya kitani kipya, wakashona kwa sindano kutoka sentimita hadi sentimita, wakishikiza kila uzi mtupu kwenye kitani kwa nyuzi walizozitia rangi wenyewe ilingane na iliyopo. Marekebisho ya zamani yanayovuta nguo hufumuliwa. Mwisho huwekewa bitana, na huning'inizwa kwa ukanda wa velikro unaogawa uzito sawasawa. Ya mwisho ilirudi ukutani mwaka 2023. Gharama yote ilifika pauni milioni 1.7.

Wifi yangu alisimama muda mrefu mbele ya moja.

"Mbona majani yote ya buluu?"

Miti ya Gideoni ni ya buluu kweli, na nyasi pia, na vichaka. Wafumaji hawakukusudia hivyo. Kijani chao kilipatikana kwa kutia uzi buluu, kisha juu yake manjano ya mmea. Ile buluu ni imara sana. Manjano hupaa na mwanga. Ukiigeuza tapestri, upande wa nyuma ambao haukuona jua, unakuta shamba lote bado la kijani.

"Sasa si wangeyatia kijani, maadam walikuwa nayo miaka 24?"

Nilimgeukia mama mwingine aliyekuwa zamu kwenye roshani, nikamtafsiria. Akatabasamu, akasema uzi mpya unalingana na rangi iliyopo leo, si ile iliyokuwapo. Ukitia kijani mahali palipochakaa tu, utapata kichaka chenye mabaka. Ukitia kila mahali, utakuwa umefuma tapestri mpya juu ya maiti ya ile ya zamani.

Wifi hakuridhika, na tulilijadili mpaka kwenye gari. Kwake, kama mfumaji mwenyewe alitaka kijani, basi kijani ndiyo haki yake. Mimi nasimama na wahifadhi. Uzi wao unabeba bila kusema. Unashikilia kilichobaki ili macho yako yakamilishe, lakini ukisogea karibu unautambua kwamba ni wa juzi, na siku ukija ujuzi bora unaweza kufumuliwa bila kudhuru uzi wa 1578. Nimewahi kuona nyumba za kwetu zilizopendwa kwa njia nyingine, zikapigwa saruji juu ya chokaa na rangi ya mafuta juu ya saruji, ukuta ukakosa pa kupumulia na chumvi ikautafuna kutoka ndani. Waliofanya hivyo walitaka zing'ae.

Chini ya miguu yetu lakini palikuwa na kitu kipya kabisa, na hakuna aliyeona haya. Sakafu ya roshani imetandikwa majamvi ya mafunjo yaliyosukwa, desturi ya nyumba hii tangu zamani. Yakichakaa kwa viatu vya wageni, yanasukwa mengine. Evelyn, Duchess wa Devonshire, wa mwisho kuishi humu, aliishughulikia kazi hiyo kwa mikono yake, kama alivyokaa miaka na sindano kuzitengeneza tapestri. Alifariki mwaka 1960. Ukoo wa mumewe, uleule wa Cavendish, ulikuwa na Chatsworth, jumba kubwa zaidi upande wa pili wa Derbyshire, na huko ndiko kila kizazi kilikopaka, kubomoa na kufuata mitindo mipya. Hardwick ilibaki nyumba ya pili, haikubadilishwa sana, na hilo limeiokoa kuliko mpango wowote. Baada ya kifo cha Duke wa kumi wa Devonshire mwaka 1950, kodi ya urithi ilikuwa kubwa mno, na mwaka 1956 familia ikaitoa nyumba serikalini badala ya kodi.

Tulitoka tukavuka uwanja kwenda kwenye lile gofu. Nalo lilijengwa na Bess, muda mfupi kabla ya jipya, na kwa muda nyumba zote mbili zilitumika pamoja. Karne ya 18 likaanza kuvunjwa, paa likaenda, sakafu zikaenda. Sasa linaangaliwa na shirika la English Heritage, na ngazi zimewekwa za kukupandisha mpaka juu, mahali palipokuwa kumbi.

Kule juu, ukutani, juu ya meko yasiyo na sakafu mbele yake, majitu mawili ya lipu bado yamesimama wima, yamevaa kama askari wa Kirumi, moja kila upande. Watu huyaita Gog na Magog. Ni kazi ya zama zile zile, chokaa ile ile. Upepo unapita hapo, theluji inatua hapo, na maji yakiingia kwenye ufa kisha yakaganda, ufa unapanuka. Baadhi ya lipu hizi zimewekewa vipaa vidogo vya kuzikinga na mvua, na mafundi hupanda mara kwa mara kujaza nyufa kwa chokaa na kubandika upya vipande vilivyoachana na ukuta. Lakini huku hakuna pazia la kushusha wala kipimaunyevu cha kutii.

Wifi alipiga picha nyingi zaidi hapa kuliko ndani, maana mwanga ulikuwapo. Mimi nilihesabu vidole vya mkono wa jitu la kulia na kuangalia ukingo wa ngao, ambako lipu imelegea na kuacha uwazi wa kupitisha kisu. Kama ningeulizwa pauni zinazofuata ziende wapi, ningesema ziende pale, kabla ya majira ya baridi.